Simu mpya haikai na chaji? Ipime siku tatu kabla ya kuiuza

WAFANYABIASHARA wa mpakani wanalijua vizuri tatizo hili. Mtu amejikusanya kwa miezi kadhaa, amenunua simu kubwa ya kioo cha kugusa, na kwenye boksi imeandikwa kuwa betri yake ni 5000 mAh. Anaondoka nyumbani asubuhi simu ikiwa imejaa, asilimia 100. Inapofika saa sita mchana, akiwa njiani kati ya Mugina na Manyovu au amepanga foleni Kobero, simu inaonyesha asilimia 15. Saa nane imezima.

Miaka ya nyuma simu ikizima kilichokatika ni mazungumzo tu. Siku hizi mtaji wenyewe umo ndani ya simu. Pesa ya kulipia mchele, mawese au vitenge iko Lumicash upande huu na M-Pesa upande ule. Namba ya dereva imo humo, picha ya hati za forodha imo humo, bei ya leo ya soko imo kwenye WhatsApp. Simu ikizima, mwenye mzigo anabaki amesimama kama mtu aliyeacha mkoba nyumbani, na anayemdai hataki kusikia habari ya chaji.

Ndipo hukumu inapotolewa haraka: "Nimeuziwa simu mbovu." Wengine huiuza kwa hasara wiki ileile. Ajabu ni kwamba aliyeinunua, kwa kuwa anaishi mjini na hapiti mpakani, anaweza kukaa nayo siku nzima bila malalamiko. Simu ni ileile na betri ni ileile. Kilichobadilika ni mahali inapotumika na namna inavyotumika.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kujua, kwa siku tatu na bila kumlipa fundi, kama ubaya uko kwenye betri, kwenye programu, au kwenye mtandao wa mpakani. Ni vizuri kufanya hivyo mapema, siku za kurudisha simu dukani zikiwa hazijaisha.

Kwanza, simu iongee lugha unayoisoma

Sisi tuliosoma Ulyankulu, Katumba au Mishamo tulijifunza sayansi kwa Kiswahili. Lakini simu ikiwashwa dukani Bujumbura, mara nyingi huwekwa Kifaransa, na mtu anabonyeza asichokielewa. Simu za Android zina Kiswahili ndani yake. Ingia palipoandikwa Paramètres, kisha Système, kisha Langues, uongeze Kiswahili na kukiweka juu ya orodha. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, ila maneno hayo yapo. Ukishamaliza, utaona Mipangilio, na ndani yake utaona Betri. Hapo kwenye Betri pana orodha ya programu na asilimia ya chaji iliyoliwa na kila moja. Ukurasa huo ndio daftari la mahesabu la simu yako, na kila mwenye simu anapaswa kuujua.

Maana ya ile namba 5000

Herufi mAh maana yake ni milliampia-saa, yaani milliampia mara saa. Betri ya 5000 mAh ikitumiwa kwa milliampia 500 itadumu saa 10. Ikitumiwa kwa milliampia 200 itadumu saa 25. Kwa hiyo kila asilimia moja ya betri hiyo ni 50 mAh. Tuseme simu ililala ikiwa na asilimia 90 na asubuhi ikakutwa na 66, baada ya saa 8 bila kuguswa. Imepoteza asilimia 24, yaani 1200 mAh, au milliampia 150 kila saa. Simu iliyolala haipaswi kula kiasi hicho. Kuna kitu kilikuwa macho usiku kucha.

Hata hivyo, siku mbili tatu za mwanzo zisihesabiwe. Simu mpya inapowekewa akaunti na laini, inashusha matoleo mapya ya programu, inarudisha picha na ujumbe wa zamani, na kuzipanga picha hizo. Yote hayo hula chaji, na mwenye simu naye siku hizo haiachi mkononi. Subiri itulie, ndipo uanze kupima.

Kipimo cha siku tatu

Mwalimu wa sayansi huwaambia wanafunzi wake kwamba katika jaribio unabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hutajua ni kipi kilicholeta matokeo. Kanuni hiyo ndiyo tutakayoitumia hapa. Chukua daftari na kalamu.

Usiku wa kwanza, jaza simu, ichomoe saa tatu usiku, andika asilimia, uiache kama unavyoiacha siku zote: laini zote mbili ndani, intaneti imewashwa. Saa kumi na mbili asubuhi andika tena asilimia.

Usiku wa pili fanya vilevile, ila washa Hali ya ndegeni, ambayo hukata mawasiliano yote. Waarifu watu wa nyumbani kwamba hutapatikana usiku huo. Kengele ya kukuamsha itafanya kazi kama kawaida.

Usiku wa tatu ondoa Hali ya ndegeni, acha intaneti imewashwa, ila zima laini moja tu, ile ya nchi usiyolala. Laini huzimwa kwenye Mipangilio, sehemu ya mtandao na SIM. Si lazima kuitoa kwenye simu.

Sasa linganisha. Kama usiku wa pili simu ilipoteza asilimia 2 au 3 tu, betri yako ni nzima na muuzaji hana kosa. Kama usiku wa tatu ulikaribiana na wa pili, aliyekuwa akila chaji ni ile laini ya ng'ambo. Kama usiku wa tatu ulifanana na wa kwanza, tafuta kwenye programu zinazotumia intaneti, au kwenye udhaifu wa mtandao wa hapo unapolala. Na kama hata katika Hali ya ndegeni simu ilipoteza asilimia 15 au 20, hapo ndipo pa kuishuku betri, saketi, au programu inayofanya kazi bila mtandao.

Kwa nini mpaka unakula chaji

Simu huongea na mnara kwa kurusha mawimbi. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona. Ukiwa mbali au ukifichwa na mlima, simu hupiga kelele. Hii si lugha ya picha tu. Kwenye mtandao wa 2G wa masafa ya 900, simu ya mkononi inaweza kurusha nguvu ya hadi wati 2 inapokuwa mbali, na kushuka hadi milliwati chache tu inapokuwa karibu na mnara. Tofauti ni ya mamia ya mara, na mlipaji ni betri.

Mpaka wetu na Tanzania una milima na mabonde mengi. Ukiwa juu ya mlima unaona minara ya nchi mbili. Ukishuka bondeni huoni hata mmoja. Katika hali hiyo simu haitulii. Inaushika mnara huu, inaupoteza, inautafuta mwingine.

Laini mbili huongeza mzigo. Ukivuka kuja Burundi, laini ya Tanzania inapoteza mtandao wake. Kama haina ruhusa ya kutumia mtandao wa nchi nyingine, simu huandika kwamba ni simu za dharura pekee zinazowezekana, kisha huendelea kuutafuta mtandao wake wa nyumbani tena na tena, mchana na usiku, hata ikiwa mfukoni. Ukivuka kwenda Tanzania, laini ya Burundi hufanya vivyo hivyo. Mwenye simu hasikii kitu. Anachoona ni asilimia zinazoshuka.

Kuna dalili moja rahisi ya kutambua jambo hili. Saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Burundi kwa saa moja, na simu nyingi hujirekebisha saa kwa kufuata mnara uliowashika. Ukiwa umekaa mahali pamoja ukaona saa ya simu inaruka mbele kwa saa moja na kurudi nyuma, jua kwamba simu yako inavutwa huku na huku na minara ya nchi mbili. Mbali na chaji, mfanyabiashara anaweza kukosa basi au kukuta ofisi imefungwa kwa sababu hiyo.

Dawa yake ni nafuu. Ukishavuka, zima laini isiyo na kazi upande huo na uiwashe utakaporudi. Unapokaa mahali ambapo minara ya nchi mbili inafika, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, uache kuchaguliwa kwa moja kwa moja, uchague mwenyewe mtandao wako. Usisahau kurudisha ukivuka, la sivyo simu itautafuta mtandao ambao haupo. Kama mahali ulipo hakuna 5G, chagua 4G. Kama hata 4G inakuja na kupotea, na wewe unahitaji kupiga simu na kutuma pesa kwa kubonyeza namba tu, 3G au 2G iliyotulia itakufaa zaidi. Ukiingia bonde lisilo na mtandao kabisa, washa Hali ya ndegeni mpaka utokee upande wa pili.

Kioo, jua na joto

Baada ya mtandao, mlaji mkubwa ni kioo. Anayeuza sokoni juani hupandisha mwangaza hadi mwisho ili aone, kisha akiingia ndani husahau kuushusha. Weka mwangaza ujirekebishe wenyewe kulingana na mwanga uliopo, na kioo kizime baada ya sekunde 30.

Wengi wamesikia kwamba mandhari meusi huokoa chaji. Ni kweli kwa vioo vya OLED au AMOLED tu, kwa sababu huko kila nukta huwaka peke yake, na nukta nyeusi huwa imezima. Kwenye vioo vya LCD, ambavyo viko kwenye simu nyingi za bei nafuu, taa ya nyuma huwaka wakati wote, hivyo weusi hausaidii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima jambo hili mwaka 2021 kwa simu za OLED. Waligundua kwamba mwangaza ukiwa asilimia 100, mandhari meusi huokoa kati ya asilimia 39 na 47 ya umeme. Lakini mwangaza ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, kinachookolewa ni asilimia 3 hadi 9 tu. Kwa hiyo weusi humfaa zaidi anayefanya kazi juani, na kwa mwingine kupunguza mwangaza ndiko kunakofaa.

Joto nalo halisamehe. Kampuni ya Apple inasema simu zake hufanya kazi vizuri zaidi katika nyuzi 16 hadi 22, na kwamba joto linalozidi nyuzi 35 linaweza kuipunguzia betri uwezo moja kwa moja. Betri za simu nyingine pia ni za lithiamu, hivyo hazina kinga ya peke yake. Simu iliyowekwa juani juu ya meza ya bati pale Nyanza-Lac, au iliyofungwa mbele ya pikipiki mchana kutwa, hupita kiwango hicho bila shida. Ukiichaji huku ikiwa na joto, unaiongezea dhara. Iweke kivulini, na kama kava lake ni nene livue wakati wa kuchaji.

Programu za kupewa sokoni

Rudi kwenye ule ukurasa wa Betri. Ukikuta programu usiyoitumia imekula asilimia nyingi, izuie isifanye kazi ikiwa nyuma, au iondoe. Angalia sana programu zilizotoka kwa vijana wanaozirusha kutoka simu moja hadi nyingine sokoni, na hasa zile WhatsApp zisizo halali ambazo hazikutolewa na WhatsApp wenyewe. Zaidi ya kula chaji, hakuna anayekuhakikishia zinachofanya na namba zako za siri, na wewe pesa yako iko kwenye simu hiyohiyo. Ondoa pia programu zinazojiita daktari wa betri. Nyingi hukuonyesha matangazo tu, na matangazo nayo hula chaji. Kiokoa betri kilichomo ndani ya simu kinatosha.

Kwenye WhatsApp yenyewe, zuia picha na video zisijishushe zenyewe. Mwenye makundi kumi ya biashara, ya kanisa na ya wanaukoo hupokea video nyingi kwa siku, na kila moja hushuka hata asipoitazama. Hapo unaokoa chaji na bando kwa pamoja.

Betri ni ya kweli au ni maandishi tu?

Kama kipimo cha usiku wa pili kimeishuku betri, kuna kipimo kingine cha kujua kama zile 5000 ni za kweli. Betri ya 5000 mAh hubeba umeme wa kama wati-saa 19. Soma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaji. Palipoandikwa 5V na 1A, hiyo ni wati 5: kujaza betri hiyo kutoka sifuri haiwezekani chini ya saa 4. Palipoandikwa 5V na 2A, hiyo ni wati 10: haiwezekani chini ya saa 2, na kwa kawaida huzidi. Sasa kama simu inajaa kutoka sifuri hadi 100 kwa dakika 50 kwa chaji ya wati 5, hesabu inasema betri hiyo haifiki hata robo ya iliyoandikwa. Muuzaji anaweza kubishana na wewe, lakini hawezi kubishana na kugawanya.

Bonyeza pia *#06# uone namba ya IMEI, uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Zisipolingana, boksi si la simu hiyo, na huenda simu si mpya. Tanzania ilizifungia simu bandia mwezi Juni 2016, kwa hiyo mwenye kuvuka na simu ya namna hiyo ana hatari ya kuikuta haishiki mtandao. Kwa laini ya Tanzania, namba hiyo hukaguliwa kwa kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090.

Kama betri imeonekana ya kweli lakini chaji bado inaanguka katika Hali ya ndegeni, mwombe fundi aiwashe katika ile hali ambayo programu zote ulizoongeza mwenyewe hazifanyi kazi, kisha upime usiku mmoja. Chaji ikikaa, kosa ni la programu. Isipokaa, irudishe dukani.

Mambo ya kuacha

Bado kuna wauzaji wanaomwambia mteja achaji simu mpya saa 8 au 12 kabla ya kuitumia. Ushauri huo ulifaa kwa betri za zamani za nikeli. Betri za lithiamu, ambazo kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991 na ambazo wavumbuzi wake watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, hazihitaji hivyo. Wala haifai kungoja simu izime ndipo uichaji. Betri hizi hupenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80. Kwa anayelipia chaji kwenye kibanda cha sola, kuchaji kidogo kidogo si hasara kwa betri, ingawa ni haki yake kudai ijae kama amelipa bei moja.

Acha pia tabia ya kufunga programu zote kila baada ya dakika chache. Mwaka 2016 wakuu wa programu za Apple na za Android walieleza hadharani kwamba haisaidii chaji, kwa sababu simu yenyewe huzituliza, na kuifungua programu upya hula umeme zaidi kuliko kuirudia ilipoachwa.

Siku ya kununua

Kwa anayenunua ng'ambo ya mpaka, ulinzi wake ni risiti. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji ni siku ngapi simu inaweza kurudishwa, naye aandike siku hizo na namba ya IMEI kwenye risiti. Ukirudi na daftari linaloonyesha asilimia za jioni na za asubuhi kwa siku tatu, hurudi na malalamiko. Unarudi na ushahidi. Fundi naye ukimpelekea hesabu hizo hataanza kwa kukuuzia betri usiyoihitaji.

Na kama hesabu zimeonyesha kwamba mlaji alikuwa laini ya ng'ambo, basi simu yako ni nzima. Izime laini hiyo kila unapovuka, kama unavyobadilisha faranga na shilingi mfukoni, na pesa uliyotaka kununulia simu nyingine iongeze kwenye mzigo.